Tamia na Ziwa Linalouliza Jina

Kwa heshima na taadhima, gazeti hili la parokia linawatangazia wakazi wote wa Ayakocha, wa juu na wa bondeni, walio hai na, kwa kuwa hili ni juma la Marehemu Wote, wale wengine pia, kwamba Maabara Kuu ya Vinasaba ya Milima ya Andes imefunguliwa rasmi na iko kazini tangu alfajiri.

Iko kazini juu ya meza ya jikoni ya Ortensia Toaquiza, na Ortensia anaitaka meza yake.

"Nina unga wa kukanda. Nina watoto wa mkate wa marehemu, wa kuwafinyanga na kuwatia macho kabla ya watu kwenda makaburini," anasema, mikono kiunoni. "Nitaukandia wapi, kichwani kwako?"

"Dakika kumi tu, shangazi."

"Dakika kumi ulizisema jogoo akiwa bado anakoroma."

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu umeshuka hadi kizingitini na kusimama hapo, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Tamia Toaquiza, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, amevaa poncho mbili za sufu na kuikodolea macho kompyuta yake. Kompyuta inakula umeme wa betri ya gari. Pembeni, kwa waya mmoja, imeunganishwa na kijimashine kisichozidi kisanduku cha miwani.

Hiyo ndiyo maabara kuu.

Ndani ya kijimashine kuna kigae, na kigae kina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Uzi wa DNA hupenya humo kama uzi wa mshonaji kwenye tundu la sindano. Kila herufi ya uzi inapopita, umeme hutikisika kidogo, na kompyuta huandika ilichokisikia.

"Simwoni mnyama," anasema Tamia, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Ninamsikiliza tu. Ni kama mtu apitaye gizani. Sura huioni, lakini mwendo wake unaujua."

Kwenye skrini kuna vijimraba vya kijani. Kila kimoja ni kitundu kilicho hai. Kinachokufa hugeuka cheusi, wala hakirudi. Asubuhi hii vyeusi ni vingi kuliko vya kijani.

"Ndicho kigae changu cha mwisho," anasema. "Kikifa, nimekwisha na mimi."

"Usitaje kufa jikoni kwangu," anasema Ortensia. "Juma hili wanasikia."

Tamia alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Baba yake, Nikanori, alipanda ziwani kutafuta farasi wake mwaka ambao Tamia alikuwa anang'oka meno ya utoto. Farasi alirudi jioni, tandiko likiwa limelowa. Nikanori hakurudi. Ortensia, dada wa marehemu, alimchukua mtoto, akamlea kwa viazi, maharage na matusi, akampeleka Shule ya Bweni ya Mtakatifu Pankrasi, na huko mapadri wakagundua kwamba binti huyu hakuwa na dawa isipokuwa chuo kikuu.

Leo anaishi kwa posho ya dola mia nne kwa mwezi, ambayo huja mwezi unapojisikia. Wenzake chuoni hutuma sampuli zao ng'ambo na kungoja majibu hadi wanasahau waliuliza nini. Yeye hubeba maabara mgongoni. Amewahi kulala na kigae kifuani kisigande. Lama anayefugwa na jirani amewahi kutafuna glavu zake zote, na Tamia akafanya kazi kutwa akiwa amevaa mifuko ya mkate.

"Watu hudhani sayansi ni koti jeupe," anasema. "Mimi nanuka kondoo."

"Unanuka kondoo tangu zamani," anasema shangazi. "Usiisingizie sayansi."

Kinachotafutwa ni chura. Wenyeji wanamwita jambato: mweusi mgongoni, tumbo rangi ya kaa la moto, na harukiruki. Anatembea. Ortensia anakumbuka utotoni walivyokuwa wakivuka njia ya shule kwa mamia, mpaka watoto wakalazimika kusimama wapishe.

"Taratibu, mmoja nyuma ya mwenzake," anasema, "kama watu watokao kuzika. Halafu mwaka mmoja hawakuja. Hatukuona mizoga. Hakuna aliyewaona wakiondoka. Tulikwenda shule, na njia ilikuwa nyeupe. Mimi na Nikanori tulisimama pale pale tulipozoea kusimama, tukangoja. Tulimpisha nani, sijui."

Sasa kampuni ya mgodi inataka kulivuta ziwa kwa mabomba. Ripoti yake inasema Ayakocha haina kiumbe wa kuliliwa. Taita, yaani mzee wetu, Eliseo Guanoluisa, mwenyekiti wa parokia, anasema wakili amewaeleza jambo moja tu la maana: kama jambato yuko, mabomba hayapiti. Kama hayuko, yanapita. Mkutano ni Jumamosi, na wataalamu wa kampuni watakuwepo.

"Tumemwambia Tamia asituongopee," anasema Taita Eliseo. "Kama hayupo, aseme hayupo, tulie tumalize. Lakini akisema yupo, iwe yupo."

Kwa ajili hiyo, juzi Tamia alipanda ziwani kuchota maji. Mnyama yeyote aishiye majini huacha humo chembe zake, ngozi, mate, na mengine ambayo gazeti la parokia haliwezi kuyataja, na chembe hizo hazidumu zaidi ya wiki chache. Kinachosikika leo kilikuwa humo juzi. Gazeti hili halikumwacha apande peke yake. Lilimtuma mwandishi wa makala haya, mwanafunzi wa Mtakatifu Pankrasi mwenye sifa njema kwa kiasi.

Ziwa la Ayakocha ni kali. Kila mtu hapa analijua hilo, na aliyesahau hukumbushwa na ukungu. Huendi na chumvi, hata chembe kwenye mahindi yako. Hupigi kelele. Na hugusi maji kabla hujavua kofia na kusema wewe ni nani, mtoto wa nani, umefuata nini.

Tamia alivua kofia. Maji yalikuwa meusi na hayakuwa na kunyanzi hata moja, ingawa upepo ulikuwa ukiyalaza majani ya ukingoni.

"Mimi ni Tamia," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayebisha hodi kwa jirani. "Mtoto wa Nikanori, unayemjua. Nimekuja kuomba chupa mbili za maji."

Kisha ikawa zamu ya mwandishi. Mwandishi alivua kofia, akainama kwa adabu, akajitambulisha kuwa ni Askofu wa jimbo, amekuja kukagua usafi.

Tamia hakucheka.

"We endelea tu," alisema. "Mimi nimemwona farasi akirudi peke yake kutoka hapa."

Alichota chupa ya kwanza kwenye matete ya upande wa kusini, akaifunga utepe mwekundu. Ya pili aliichota pale ziwa linapomwagikia kwenye mawe, akaifunga utepe wa buluu. Ya tatu ilikuwa ya maji ya dukani, aliyoifungua na kuifunga pale pale ukingoni. Hiyo ni ya kujichunga: ikija kutoa mnyama, atajua uchafu umetoka mikononi mwake.

Walipofika nusu ya njia wakirudi, ukungu uliwafunika. Haukushuka kutoka juu, ulipanda kutoka nyuma yao, kutoka ziwani. Walifika kwenye kibanda cha mawe cha wachungaji kwa kupapasa. Hapo Tamia akakumbuka kwamba amesahau pampu yake kule kwenye matete.

"Bila pampu sina kazi," alisema. "Kaa hapa. Usiondoke. Ukisikia ninakuita, usiitike mpaka nimetaja jina la shangazi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Chupa zilibaki kwenye kijito kando ya kibanda, zipate ubaridi, chini ya ulinzi mkali wa mwandishi. Zililala ubavu kwa ubavu, utepe wa buluu ukiwa na fundo moja na mwekundu mafundo mawili, na hakuna aliyepita isipokuwa ukungu.

Tamia alirudi na pampu mkononi na midomo iliyopauka. Hakukaa. Alinyanyua mzigo wake, akasema twende, na walipofika kwenye malisho ndipo akaeleza.

"Kulikuwa na kitu kinatembea kwenye matete," alisema. "Nikasema, nani? Kikasimama. Nikageuka kuondoka, kikaanza tena."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe ana hatua nne, bwana mwandishi. Hizi zilikuwa ndogo. Nyingi."

Turudi jikoni. Jana kutwa Tamia aliyachuja yale maji, akatoa DNA, akairudufisha kwenye mashine nyingine ndogo ambayo Ortensia anaamini ni ya kupashia mkate. Asubuhi hii majina yanatokea kwenye skrini moja moja, na Tamia anayasoma kwa sauti, kama padri anavyosoma majina ya marehemu.

"Samaki trauti. Ng'ombe. Bata. Mbweha." Anasogea karibu na skrini. "Mtu."

Ortensia anaacha kupanga mayai.

"Mtu gani?"

"Mtu tu, shangazi. Mashine haisemi nani. Labda ni mimi, nilitia mkono."

"Labda." Ortensia anajifuta mikono ambayo haijalowa. "Lakini siku moja itaweza kusema? Kwamba ni fulani?"

"Yeye amekaa mno, shangazi. Maji hayashiki muda wote huo."

"Sijamtaja yeyote mimi," anasema Ortensia. Kisha anachukua mtoto wa mkate wa jana, mwenye macho ya zabibu kavu, na kumweka kando ya mashine.

Chupa ya maji ya dukani haitoi kitu, kama inavyotakiwa. Dakika zinakwenda. Vijimraba viwili vinageuka vyeusi kwa pamoja. Na hapo, chini kabisa ya skrini, linatokea jina ambalo Tamia halisomi kwa sauti. Anaweka kidole juu yake na kukiacha hapo.

"Chupa nyekundu," anasema hatimaye. "Jambato."

"Rudia."

"Na ya buluu. Kidogo, lakini yupo. Jambato, shangazi."

Ortensia anakaa juu ya gunia la unga, anajifunika uso kwa aproni. Mabega yake yanatikisika. "Nikanori alikuwa anawabeba kwenye kofia," anasema kutoka humo ndani. "Anawavusha."

Baada ya nusu saa Taita Eliseo alikuwa ameamuru kengele zipigwe, bila kumuuliza padri. Kufikia saa nne uwanja ulikuwa umejaa wacheza ngoma. Watu waliokuwa njiani kwenda makaburini na vyungu vyao vya uji wa zambarau waligeuza njia kwenda kwa Ortensia, na sahani zilizoandaliwa kwa wafu zikaanza kupangwa mbele ya dirisha la jikoni, kuelekea mashine. Mwandishi aliuona uwanja huo. Alikuwa na utani wa kuwasimulia, lakini haukupata nafasi.

Mtu mmoja tu hakucheza. Tamia alibaki mezani, kidevu mikononi.

"Imekuja kirahisi mno," aliliambia gazeti hili. "Katika maji, mnyama hunong'ona. Yule wa chupa ya buluu ananong'ona. Huyu wa nyekundu anapiga mayowe."

Kwa hiyo hakwenda kula. Alikwenda shuleni kwake, Mtakatifu Pankrasi.

Katika maabara ya shule hiyo, kwenye rafu iliyo chini ya msalaba, kuna mtungi wa kioo, na ndani ya mtungi anaelea jambato. Aliokotwa Ayakocha zamani, kabla Tamia hajazaliwa, siku ambazo hakuna aliyejua kwamba ni wa kuhifadhiwa. Kwa kuwa shule haikuwahi kupata spiriti, alitiwa kwenye pombe ya miwa, na kila mwaka Padri Gaudensio humwongezea. Wanafunzi wanamwita Bibi. Kila mgeni wa bweni, usiku wake wa kwanza, sharti aende kumwamkia Bibi: achovye kidole, alambe, na asiteme. Padri Gaudensio anaamini pombe ile hupungua kwa sababu ya hewa kavu. Hewa ya Ayakocha haijawahi kuwa kavu.

"Nataka kipande cha ngozi ya kidole chake, Padri," alisema Tamia. "Kidogo kuliko punje ya mchele."

"Cha nini, mwanangu? Si umempata aliye hai?"

"Nataka kulinganisha. Kompyuta yangu inamjua jambato wa jumba la makumbusho la mji mkuu tu, na yule ni wa bonde jingine. Huyu ni wa kwetu."

Padri aliushusha mtungi. Pale ulipokuwa umekaa palikuwa na duara safi lisilo na vumbi, na kando yake duara la pili, kana kwamba mtungi ulikuwa umetembea kidogo na kurudi.

"Hewa kavu," alisema Padri Gaudensio, akiinua mtungi kwenye mwanga. "Umepungua tena."

Gazeti hili lina desturi kwamba anayeandikwa asome kwanza kabla ya kuchapwa, tangu yale yaliyotokea katika toleo la Pasaka. Ndiyo maana kesho yake mwandishi alipeleka makala yake kwa Ortensia, yakiwa yamefika hapo kwenye kengele na uji wa zambarau, na mwisho mzuri ajabu kuhusu ushindi wa sayansi. Tamia aliyasoma yote mezani. Nyuma yake kigae kilikuwa kinammalizia Bibi kwa vitundu vyake vya mwisho. Ortensia alikuwa anakanda.

"Umeandika vizuri," alisema Tamia. "Hapa kwenye askofu shangazi atacheka."

"Sichelei kucheka," alisema Ortensia, "ila sioni cha kuchekesha."

"Na hapa, kwenye kijito. Umesema utepe wa buluu ulikuwa na fundo moja na mwekundu mafundo mawili."

"Mwandishi mzuri huona vitu vidogo," alisema mwandishi.

"Kweli kabisa. Mimi hufunga fundo moja, bwana mwandishi. Kule juu vidole vinaganda, na mawili hayafunguki. Nilifunga fundo moja kwenye kila chupa. Nilipofika hapa, nyekundu ilikataa kufunguka mpaka nikatumia meno. Nikadhani ni baridi." Aliweka karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Nani alifunga la pili?"

Unga ulikoma kupigwa.

Mwandishi alisema labda ni upepo. Tamia aligeuza kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili ya herufi, mmoja juu ya mwingine, na kila herufi ya juu ilikuwa sawa na ya chini yake.

"Juu ni chupa nyekundu. Chini ni Bibi, aliyekaa kwenye pombe miaka yote hii. Ni chura yule yule. Sasa niambie amefikaje ziwani."

Hapo mwandishi alisema. Alisema kwamba siku moja kabla ya safari alikwenda kumwamkia Bibi, ingawa yeye si mgeni tena, akachota pombe kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Kwamba Tamia aliporudi kufuata pampu, alifungua chupa moja na kutia. Kwamba alitaka tu kuona sura za watu, kisha aseme, kisha wacheke wote. Na kwamba Ortensia alipojifunika aproni, utani ulimwia mkubwa mno kuunyanyua.

"Nilidhani unalitetea ziwa," alisema Ortensia taratibu, "kumbe ulikuwa unanichezea mimi."

"Nilitaka na hilo pia, shangazi. La kutetea."

"Usimwite shangazi," alisema Tamia. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unajua Jumamosi ingekuwaje? Ningesimama pale, mbele ya Taita Eliseo na watu wote, niseme yupo. Wale wa kampuni wangeomba matokeo, wangemtaka na Bibi, na kabla ya chakula cha mchana wangesema, tazameni, wamemwaga chura wa pombe ziwani. Ziwa lingekwenda. Na mtu yeyote wa Ayakocha atakayesema kweli miaka yote ijayo, wangemcheka."

Mwandishi alianza kukusanya karatasi zake.

"Ulitia chupa ngapi?"

"Moja."

"Usiape, usilie. Jibu tu. Ngapi?"

"Nyekundu peke yake. Nilisikia unakuja, nikafunga haraka, nikasahau ulivyofunga. Ya buluu sikuigusa."

Tamia aliirudia kompyuta. Kisha alibonyeza kitu, na mstari mmoja ukatoka, mwingine ukaingia.

"Hii ni ya buluu," alisema. "Nimeitazama tangu alfajiri nikidhani nimechoka."

Hata mtu asiyejua kitu aliona. Herufi hazikukaa sawa. Hapa A, chini yake G. Mbele kidogo C, chini yake T. Na tena. Na tena.

"Mashine hukosea," alisema Tamia, "lakini hukosea ovyo, leo hapa, kesho kule. Haikosei mahali pale pale mara elfu. Huyu ni jambato, lakini si Bibi. Si yule wa mji mkuu pia. Sijawahi kumwona kwenye orodha yoyote."

"Kama si Bibi," alisema Ortensia, "ni nani?"

Ukungu ulikuwa umefika dirishani, juu ya sahani za wafu ambazo hakuna aliyeziondoa. Kwenye skrini kijimraba cha mwisho cha kijani kikageuka cheusi.

Huo ndio ukweli wote ambao Tamia Toaquiza anao hadi gazeti hili linakwenda mitamboni: mnong'ono mmoja, katika chupa moja, na kigae kilichokufa. Yeye mwenyewe alimweleza Taita Eliseo habari ya Bibi jioni ile ile, na kengele hazikupigwa.

Lakini ana mpango. Mwenzake wa chuo amekubali kumpa kigae chake, nacho kitakuja na basi la Ijumaa ndani ya ndoo ya jibini. Ijumaa asubuhi maji mapya yatachotwa mbele ya mashahidi, na amemwalika mtaalamu wa kampuni aje afunge mafundo kwa mkono wake, mengi apendavyo. Jumamosi mashine itawekwa katikati ya mkutano.

"Sitawaambia yupo, sitawaambia hayupo," anasema. "Nitawaambia kaeni, tunyamaze, tumsikilize pamoja. Kama alipita pale, atapita na hapa."

Anatumaini shahada yake itatoka humo. Anatumaini zaidi kwamba shangazi yake atasimama tena njiani siku moja, apishe.

Ama mwandishi, Tamia ametoa hukumu tatu. Makala yachapwe yalivyo, mafundo mawili yakiwemo. Abebe chupa zote kupanda na kushuka. Na akalipe deni lake la jina kule juu, kwa sauti, mbele ya watu.

Kwa hiyo mitambo imengojeshwa, ni Ijumaa, na hawa hapa ukingoni: Taita Eliseo, mtaalamu wa kampuni aliyevua kofia bila kuambiwa, Ortensia na mtoto wa mkate aliyefungwa kwenye shali, ambaye Ortensia hajasema ni wa nani. Upepo unalaza majani. Maji hayana kunyanzi.

"Haya," anasema Tamia. "Linakungoja."

Kwenye matete, upande wa kusini, kitu kinatembea. Hatua ni ndogo, nyingi, hazina haraka. Hakuna anayegeuza kichwa. Mwandishi anavua kofia, anafungua mdomo, na hatua zote zinasimama kwa pamoja, kama watu walioambiwa wasikilize.

"Mimi si Askofu," nasema. "Mimi ni Klever Chasiluisa, mtoto wa Luzmila mshona poncho, wa bweni la Mtakatifu Pankrasi. Nimekuja kusema kwamba yule chura wa chupa nyekundu nilimleta mimi, kutoka shuleni, amelewa. Nisameheni. Lakini nilimleta mmoja tu."